Bondeni: Jeneza Lipo, Machela Haipo

Anayetoka Tanga kwenda Mombasa kwa barabara hufika ukingoni mwa maji pale Likoni akasubiri feri. Basi letu lilivuka mpaka wa Horohoro asubuhi, likapita Lungalunga, Msambweni na Ukunda, na jua lilikuwa utosini tulipoteremka kwenye kivuko. Umati ulikuwa umejaa mteremko mzima: wafanyakazi, wanafunzi, akina mama na mizigo kichwani, vijana wa mikokoteni. Mara king'ora kikalia nyuma yetu. Ambulensi ilikuwa inatoka upande wa kusini, magari yakaipisha, ikaingia feri ya kwanza kabla ya wote. Hiyo ndiyo kanuni ya kivuko hiki na ni kanuni njema. Ila hakuna kanuni inayoweza kuileta feri iliyoko ng'ambo kabla ya wakati wake. Tulivuka pamoja, sisi kwa miguu na mgonjwa ndani ya gari lililosimama, na kwa muda wote ule wa maji hakuna aliyeweza kumharakisha.

Mombasa ni kisiwa. Mgeni anayeingia kwa treni au kwa ndege hulisahau jambo hilo, lakini mgonjwa mahututi hawezi kulisahau. Kaskazini kuna daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa, kusini kuna feri. Hospitali kubwa ya rufaa ya pwani yote, Coast General, ambayo wazee bado huiita Makadara, imo ndani ya kisiwa, na wagonjwa huletwa hapo kutoka Mombasa yenyewe, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Maji haya yamekwisha kuonyesha yanavyoweza kugharimu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Tangu nilipokisoma kisa hicho nimekuwa nikijiuliza swali moja: mtu akishavutwa kutoka majini na kulazwa mchangani, ni wangapi kati yetu tuliosimama pale wanaojua la kufanya katika dakika tano za mwanzo?

Swali hilo ndilo lililonipeleka mtaa wa Bondeni, kisiwani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba wauguzi wa kujitolea hukusanya watu wa mtaa kwenye uwanja wa madrasa na kuwafundisha huduma ya kwanza kwa Kiswahili, bila malipo, na nilitaka kuyaona mafunzo hayo kwa macho yangu.

Bondeni hukai mbali na chochote. Marikiti iko karibu, Mji wa Kale uko karibu, na kwa tuktuk hazipiti dakika nyingi kabla ya kuliona lango la Coast General. Wageni wengi wangesema hapa ndipo mahali pa kuugua ukiwa hapana budi. Mwenyeji wangu, shangazi wa rafiki yangu, alinisahihisha usiku ule ule. "Hospitali ni karibu kwa mwenye miguu, mwanangu. Mgonjwa hana miguu." Alinionyesha ngazi za nyumba yake, nyembamba na za mbao, zenye kona mbili kabla ya kufika chini. Mumewe alipopata kiharusi, walimteremsha kwa kiti cha plastiki, vijana wanne wakipokezana, na kichwa chake kikaning'inia njia nzima. Nje kulikuwa na kichochoro ambacho watu wawili hawapishani ila mmoja ajibanze ukutani. Ambulensi husimama barabara kubwa ikangoja. Kutoka mlangoni mpaka barabarani mgonjwa ni mali ya majirani.

Kwa hiyo ambulensi ya Bondeni ni tuktuk. Wakati mwingine ni mkokoteni wa maji uliotolewa mitungi, wakati mwingine ni shuka lililoshikwa pembe nne. Dereva mmoja wa tuktuk aliniambia kwamba usiku hubeba wagonjwa wengi kuliko abiria wazima. Nilimwuliza kama kuna wanaokataa. Alijibu waziwazi, na namheshimu kwa hilo: "Wapo, ndugu yangu. Damu ikiingia kwenye kiti, siku nzima hupati abiria. Tena ukifika hospitali waulizwa wewe ndiye uliyemgonga." Nikamwuliza humlazaje mgonjwa ndani ya kile kiti kifupi. Akanionyesha: hukunjwa, magoti juu, kidevu kikagusa kifua.

Hapo ndipo mtu anapokufa mikononi mwa wanaompenda. Aliyezimia akikunjwa hivyo, ulimi na kidevu huziba njia ya hewa, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Safari inaweza kuwa fupi, tuktuk ikakimbia, dereva akapuliza honi njia nzima, na bado wakafikisha maiti. Kasi ya kufika na namna ya kufikisha ni mambo mawili, na jiji hili, kama majiji mengi ya Afrika Mashariki, limefikiria sana lile la kwanza.

Mafunzo yalianza baada ya sala ya alasiri. Walikuwapo madereva wa tuktuk na bodaboda, akina mama wanaouza viazi karai na bhajia, vijana wa mpira, mwosha maiti mmoja, na maalim wa madrasa aliyekaa mbele kabisa akiandika kila neno kwenye daftari. Muuguzi aliyefundisha, mwanamke wa makamo ambaye wote walimwita sista, alikuwa na mdoli mmoja wa mazoezi. Waliobaki walitumia mito ya sufi iliyofungwa kwa kanga. Akaanza na mambo matatu: mwite, mguse bega, tazama kifua. Hajibu na hapumui vizuri? Mmoja apige simu, mwingine aweke mikono miwili katikati ya kifua na kukandamiza, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Ili washike mwendo, aliwapigia mdundo wa chakacha juu ya dawati, na akina mama waliuwahi mwendo kabla ya wanaume. Kwa aliyetolewa majini aliongeza sharti: anza na pumzi, kwa sababu huyo amekosa hewa kwanza. Na msimpindue kichwa chini miguu juu, wala msimkamue tumbo.

Nilipenda jinsi alivyofundisha kwa kuanzia na wanachokijua. Aliuliza mtu akiungua mafuta hufanywa nini. Majibu yakaja kwa haraka: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano. Mama mmoja akasema, "Mimi wanangu wote niliwapaka dawa ya meno." Sista hakumcheka. "Mamangu, ulifanya ulivyofundishwa. Leo tujifunze jingine. Maji safi ya baridi, yatiririke juu ya kidonda dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi." Uwanja ukanung'unika. Mimi mgeni sikuelewa kwa nini mpaka mama yule aliposema: dakika 20 za maji ni mtungi wa nani? Bondeni watu wengi hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni, kwa sababu mabomba hukauka siku nyingi. Hakuna kitabu cha huduma ya kwanza nilichowahi kusoma kinachojibu swali hilo. Sista alilijibu pale pale. Weka beseni safi chini, mwaga kidogo kidogo kwa kopo, yakikingwa mwaga tena. Mtungi mmoja watosha.

Hivyo ndivyo alivyoendelea. Huna glavu, vaa mfuko wa mkate, maana mifuko ya dukani ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa na usiinue mkono kila saa kuchungulia. Mtu wa kifafa usimtie kijiko mdomoni wala usimnusishe kiatu. Ondoa vitu vya kumwumiza, na akitulia mlaze ubavu. Kwa tuktuk alitoa kanuni moja, akawafanya madereva wairudie mmoja mmoja: asiye na fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu kwenye kiti, mtu mmoja akae sakafuni amshikilie kichwa na shingo, kidevu kisiguse kifua. Walijaribu kwenye tuktuk iliyoegeshwa mlangoni mpaka kijana mnene kuliko wote akaingia.

Kisha akagusa jambo ambalo pwani linatuhusu wote. Kisukari kimeingia katika nyumba nyingi, na mwezi wa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, wako wafungaji wanaotokwa jasho la baridi, wakatetemeka, wakaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani hudhani ni uchovu wa saumu. Sista alisema kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, mgonjwa afungue hapo hapo, apewe maji ya sukari kama anaweza kumeza. Akiwa hana fahamu asinyweshwe kitu. Macho yote yakamgeukia maalim. Alisimama, akasema mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake mwenyewe na hakuna binadamu wa kumnyang'anya, akaketi akaendelea kuandika. Neno lile moja kutoka kwake lilikuwa na uzito ambao mabango ya wizara hayataupata kamwe.

Mafunzo yalipokwisha nilikaa na mzee wa kamati ya msikiti ulio jirani. Ubavuni mwa msikiti kuna kijumba kidogo, na ndani yake jeneza limewekwa safi, tayari. Nilimwuliza linavyotumika. Alinieleza kwa fahari, na ana haki ya kuwa nayo. Mtu akifa saa kumi alfajiri, adhuhuri ameshazikwa Kikowani. Anajulikana wa kuosha, wa kukata sanda, wa kutangaza kwenye kipaza sauti, wa kwenda kushughulikia kaburi. Jeneza likitoka, wanaume wasiomjua marehemu hutoka madukani wakaja kutia bega hatua chache, na mwingine akapokea. Hakuna anayelipwa. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani au alikuwa na bima gani.

Nikamwuliza: na akiwa bado yuko hai? Akaangalia kijumba kile kisha akanijibu, "Hapo kila mtu hupiga kelele."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Watu waliokuwa wakiteremsha mgonjwa kwa kiti cha plastiki ndio hao hao ambao kesho yake wangembeba kwa mpangilio usio na dosari. Mikono wanayo, moyo wanao, kipaza sauti kipo, njia za vichochoro wanazijua gizani. Jeneza lipo, machela haipo. Kwa akili yangu hilo ndilo pengo lenyewe la huduma ya dharura katika mitaa yetu, na ni pengo ambalo linaweza kuzibwa kabla fedha za ambulensi hazijapatikana.

Sheria ya Kenya imekwisha kusema lake. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza kwamba matibabu hayo yanaanza kabla ya hospitali, yanaingia katika kuimarisha hali ya mgonjwa, na kama kituo hakina uwezo, kinapaswa kumpangia rufaa. Ni maneno mazuri. Lakini Oktoba 2015, miaka mitano baada ya Katiba, mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akingojea kitanda cha uangalizi maalumu, kisha akafariki. Wahudumu walikuwa naye muda wote. Kilichokosekana ni mlango wa kumpokea. Tangu Oktoba 2024 Kenya inaendesha mfumo mpya wa bima ya afya, SHA, uliotanguliwa na sheria ya 2023 inayoweka mfuko maalumu wa dharura, maradhi sugu na magonjwa mahututi. Madereva wa Bondeni waliniuliza kama maana yake ni kwamba wao hawatadaiwa tena malipo kaunta wanapomleta mtu wasiyemjua. Swali lao ni la haki, na lingestahili kujibiwa kwa tangazo lililobandikwa kwenye kila mlango wa kazualti, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kuna watu ambao hata mtaa uliojaa huruma huwaruka. Heroini imekaa Mombasa tangu miaka ya 1980, na ukipita Mji wa Kale na Bondeni jioni utaona maskani ambazo kila mtu anazijua. Huko wanaoitwa mateja hufa kifo kinachoweza kuzuilika. Dawa ikizidi, pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi ya majivu, na wenzao hukimbia wakiogopa polisi. Ipo dawa ya nalokisoni inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache, na Shirika la Afya Duniani tangu 2014 limeshauri wapewe wale walio karibu na tukio, yaani watumiaji wenzao na jamaa zao, pamoja na kufundishwa kuitumia. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hiyo aliyeamka lazima apelekwe hospitali asije akazama tena. Hapa Mombasa kuna mashirika yanayoijua kazi ya kukaa na watu hawa: MEWA wana hospitali na huduma ya urekebishaji, Reachout wamewafuata maskani kwa miaka, na Kisauni kuna kliniki ya methadoni. Kijana mmoja niliyekuwa naye mafunzoni, aliyeacha unga, alikandamiza ule mto wa sufi kuliko wote, mpaka sista akamwambia apumzike. Alisema amewahi kumwona rafiki yake akifa na yeye akimmwagia maji tu.

Wanaodhani vijana wa aina hiyo hawafai kukabidhiwa uhai wa mtu wasome habari za Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1967, katika mtaa wa Hill District uliokaliwa na Wamarekani weusi, ambako mgonjwa alibebwa kwa gari la polisi, ilianzishwa huduma iliyoitwa Freedom House. Iliwachukua vijana wa mtaa, wengi wao wakiwa hawana kazi, na daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kufufua moyo na pumzi, akaandaa mafunzo yao. Waliyoyafanya wao ndani ya magari yale yakawa mfano wa huduma za ambulensi za Marekani nzima. Jiji lilipoichukua kazi hiyo mwaka 1975, waanzilishi wengi wakasukumwa pembeni, na hilo nalo tulikumbuke: wakifunzwa, wapewe nafasi na mshahara.

Karibu nasi zaidi, Iganga mashariki ya Uganda, waendesha bodaboda walifundishwa mwaka 2016 kuwahudumia majeruhi wa barabarani, na Kampala kabla yao walifundishwa polisi na madereva wa teksi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura kwa wauguzi, matabibu na madaktari wa mahali penye vifaa vichache: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mvue nguo umkague mwili mzima, kwa mpangilio huo huo kila mara. Kwetu Tanzania, idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo. Nakumbuka jinsi watu wazima walivyoshangaa kwamba fani hiyo ipo. Hakuna mafunzo ya mtaani yatakayoziba nafasi ya oksijeni, damu na daktari aliyelala usingizi wa kutosha. Sista alilisema hilo mwenyewe: "Mimi nawafundisha wamfikishe akiwa hai. Akifika, lazima amkute mtu." Pia mikono husahau. Mafunzo ya mara moja hufifia baada ya miezi, na mtaa unahitaji kurudiwa, ikiwezekana kila mwaka kabla ya Ramadhani.

Machela ya turubai na miti miwili fundi wa Marikiti anaweza kuishona kwa siku moja. Kwa hiyo nasema na kamati za misikiti na za makanisa ya kisiwa hiki, na za Tanga, Lamu na Unguja pia: wekeni machela pale pale linapokaa jeneza, na kando yake glavu, bandeji, na kipima sukari, na muandike majina ya watu kumi wanaojua kuvitumia. Nasema na Serikali ya Kaunti ya Mombasa: mwalimu wa mafunzo haya alipwe, na dereva wa tuktuk aliyefunzwa apewe kitambulisho kitakachomwondolea maswali langoni. Nawe msomaji, namba ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, za dharura za serikali ni 999 na 112, na Tanzania mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga huitiwa usafiri kwa 115. Ziandike ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtoto wa nyumba anaweza kuzisoma.